Mruhusuni Mtoto Mwenye Homa Achelewe Kuripoti: Barua ya Wazi kwa Mawaziri wa Elimu na Afya

Waheshimiwa Mawaziri,

Ninawaandikia kuhusu tarehe. Kila mwaka Wizara ya Elimu hutoa ratiba ya mihula mitatu, na wazazi kote nchini huibandika ukutani au kuihifadhi kwenye simu: siku ya kufungua, mapumziko ya katikati ya muhula, siku ya kufunga. Ratiba hiyo hupanga mengi kuliko masomo. Hupandisha nauli, hujaza maduka ya sare, huamua mwezi ambao baba atakopa. Na huamua pia, ingawa hakuna mahali palipoandikwa hivyo, ni lini homa ya mafua itatoka bwenini kwenda kijijini na ni lini itatoka kijijini kurudi bwenini.

Mimi ni muuguzi wa shule ya bweni ya wasichana katika nyanda za juu, mahali ambapo mwezi wa Julai ukungu hauondoki hadi saa nne. Chumba changu cha wagonjwa kina vitanda vichache na daftari moja, na ninayoyaona kwenye daftari hilo kila shule zinapofunguliwa ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Ninaomba jambo moja kwanza. Toeni waraka wa pamoja, wenye sahihi za wizara zote mbili, unaosema kwamba mwanafunzi mwenye homa na kikohozi siku ya kufungua shule abaki nyumbani hadi apone, na kwamba hataadhibiwa, hatarudishwa kutoka langoni, wala hatadaiwa barua ya daktari. Mengine nitakayoyaomba yanatokana na hilo.

Tuanze na jinsi ugonjwa wenyewe unavyokwenda, maana kila kitu hapa ni hesabu ya siku. Virusi vya homa ya mafua vikishaingia mwilini, dalili hutokea baada ya siku moja hadi nne, mara nyingi siku ya pili. Mgonjwa huanza kuambukiza wenzake yapata siku moja kabla hajajisikia vibaya, na huendelea kuambukiza kwa siku tano hadi saba baada ya hapo. Watoto huweza kuendelea hata zaidi. Kwa hiyo kutoka mgonjwa mmoja kuugua hadi yule aliyemwambukiza naye kuugua, zinapita kama siku tatu tu. Tetekuwanga huchukua karibu majuma mawili kati ya mtoto na mtoto. Nikimwona wa kwanza, nina nafasi ya kupanga vitanda na kuwaita wazazi. Kwa homa ya mafua, siku ninapomwona wa kwanza, wa pili na wa tatu wameshaambukizwa na wanakula mezani na wenzao.

Wanaoendesha wimbi hili ni watoto wa shule. Hawajakutana na aina nyingi za virusi hivi kama sisi watu wazima, kwa hiyo kinga yao bado ni changa, na siku nzima wako bega kwa bega. Hapa hapa Kenya, huko Kilifi pwani, watafiti waliwaomba watu wa kila umri waandike kwenye shajara kila mtu waliyegusana naye kwa siku. Watoto wa umri wa kwenda shule ndio walioongoza kwa kugusana na wengine, na sana sana waligusana na wa rika lao. Mama yeyote aliyemwona mwanawe akirudi nyumbani jioni na kikohozi ambacho asubuhi hakuwa nacho anajua hivyo, lakini ni vizuri tukawa na ushahidi wa nyumbani tunapozungumza na serikali.

Watoto wakiondolewa shuleni, mnyororo hulegea. Hilo limepimwa. Nchini Ufaransa, watafiti walichukua takwimu za madaktari wa kawaida za tangu 1985 hadi 2006 na kuzilinganisha na kalenda ya likizo. Walikadiria kwamba likizo hupunguza maambukizi kwa watoto kwa asilimia 20 hadi 29, na kwamba bila likizo hizo wagonjwa wa msimu wangekuwa wengi zaidi. Likizo huzuia kati ya asilimia 16 na 18 ya wagonjwa wote. Nchini Israeli, walimu wa shule za msingi waligoma Januari 2000, katikati kabisa ya msimu wa mafua. Kwa majuma hayo mawili, idadi ya watoto wa miaka 6 hadi 12 waliokutwa na magonjwa ya njia ya hewa ilishuka kwa asilimia 42. Walimu waliporudi darasani, wagonjwa wakaongezeka tena. Uingereza nayo iliona mambo kama hayo mwaka 2009, wakati wa janga la homa ya mafua ya H1N1: wagonjwa walipungua shule zilipofungwa mwishoni mwa Julai, wakapanda tena zilipofunguliwa Septemba.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa zamani. Mwaka 1957 homa mpya iliyotoka Asia ilienea duniani. Huko Louisiana, Marekani, kulikuwa na wilaya iitwayo Tangipahoa ambako shule zilifunguliwa katikati ya kiangazi, mapema kuliko kwingine, ili watoto wawe huru majira ya kuvuna stroberi. Sehemu kubwa ya nchi ilikuwa bado likizoni, virusi vikizungukazunguka bila kushika kasi. Pale Tangipahoa vilishika. Mlipuko ulianza shuleni ukaingia majumbani, wakati maeneo mengine yalisubiri hadi shule zao zilipofunguliwa. Walioandika kalenda ile walikuwa wanafikiria stroberi, na hakuna wa kuwalaumu. Ila sisi leo tunajua wasichokijua wao, na bado tunaandika kalenda tukifikiria mitihani na karo peke yake.

Sasa niseme kwa nini habari za Ufaransa hazitutoshi.

Mtoto wa Ufaransa hulala kwao kila usiku. Likizo ikifika, anatengana na darasa lake na kubaki na watu wale wale aliokuwa akila nao chakula cha jioni. Mtoto wetu wa bweni amefungiwa na mamia ya wenzake kwa majuma kadhaa, wanalala safu kwa safu, wananawa kwenye bomba moja. Asubuhi moja lango linafunguliwa na wote wanatoka kwa pamoja, ndani ya mabasi na matatu yenye vioo vilivyofungwa, kuelekea kila pembe ya nchi. Shule za kitaifa huchukua wanafunzi kutoka kaunti zote 47. Kwa hiyo siku ya kufunga shule ya bweni ni siku ya kusambaza, na siku ya kufungua ni siku ya kukusanya. Faida ya likizo iko katikati ya siku hizo mbili, nayo inaweza kuliwa yote na siku zenyewe tusipozichunga.

Kuna na la pili. Ulaya homa ya mafua huja kipupwe na kuondoka. Kenya haina mwezi ambao virusi hivi havipo. Hospitali zetu zinazochukua sampuli za pua na koo kwa ajili ya ufuatiliaji, kazi iliyoanza mwaka 2006, zimevikuta mwaka mzima, vikipanda na kushuka zaidi ya mara moja kwa mwaka. Maana yake ni kwamba hatuna ufunguzi mmoja wa hatari. Tuna Januari, tuna ule wa baada ya Aprili, tuna ule wa baada ya likizo ya Agosti, na katikati yake tuna mapumziko mafupi.

Hayo mapumziko mafupi yananiumiza kichwa kuliko likizo ndefu. Kwa kawaida huanza kama Alhamisi na kuisha Jumapili. Chukueni msichana aliyeambukizwa bwenini Jumatano usiku. Alhamisi anaondoka mzima, anacheka na wenzake ndani ya gari. Ijumaa jioni mwili unamuuma, analala chumba kimoja na wadogo zake. Jumapili anarudi shuleni bado ana virusi, na nyumbani ameacha wagonjwa wapya. Chukueni mwingine aliyeambukizwa na binamu yake Ijumaa. Anarudi Jumapili bila dalili yoyote, mwalimu wa zamu anamwona mzima, na Jumatatu usiku ndipo anaanza kutetemeka. Siku nne hazitoshi kukata mnyororo wa ugonjwa unaoruka kila siku tatu. Zinatosha tu kuupeleka nyumbani na kuurudisha. Likizo ya majuma matatu ni afadhali sana. Mtoto aliyeondoka na ugonjwa ana muda wa kupona kabisa kabla ya kurudi, na anayebaki kuwa tatizo ni yule aliyeugua nyumbani katika juma la mwisho. Huyo ndiye ninayemwombea ruhusa ya kuchelewa.

Siwaombi mfute mapumziko ya katikati ya muhula. Watoto wanayahitaji, na msichana mgeni aliyekuwa akilia usiku ninamjua mimi kuliko waandishi wa ratiba. Ninaomba yatambuliwe kuwa ni siku za kusafirisha ugonjwa na yapangwe hivyo.

Njooni mwone siku ya kuripoti. Meza imewekwa langoni. Mwalimu wa zamu ana orodha, askari ana fimbo yake. Kila sanduku linafunguliwa na kumwagwa: sabuni ya kufulia, mafuta, karatasi za chooni, viatu vya kuoga, daftari, risiti ya benki ya karo. Godoro linabonyezwa pembe zote kutafuta simu. Mkate unavunjwa kutafuta simu. Hakuna anayemuuliza mtoto aliamkaje. Hakuna kipimajoto mezani, na hata kingekuwepo, hakuna mahali palipoandikwa tufanye nini kikisoma 39.

Katika ufunguzi mmoja nilimpokea msichana chumbani kwangu muda wa prepu, macho mekundu, mwili unawaka. Ndani ya mkono wa sweta yake kulikuwa na kipande cha karatasi ya vidonge, viwili vimeshatolewa. Mama yake alimpa kituoni kabla hajapanda gari ili joto lishuke afikapo langoni, akamwambia ajizuie kukohoa mpaka avuke. Nilipompigia mama huyo simu sikusikia mtu mjeuri. Nilimsikia mtu aliyechoka. Mwaka uliotangulia, binti yake huyo huyo alichelewa kurudi kwa sababu ya ugonjwa, katika shule nyingine, akarudishwa kutoka langoni akamlete mzazi. Mama alilipa nauli ya kwenda na kurudi ya watu wawili kutoka kaunti ya mbali, akakosa siku za kibarua, na akaambiwa alete barua ya daktari, ambayo nayo ililipiwa. Tangu hapo aliamua kwamba mtoto akiugua, ataugulia shuleni.

Usiku wa tatu baada ya hapo nilizunguka bweni lake na tochi. Kitanda cha chini, kitanda cha juu, halafu ng'ambo ya njia. Madirisha yote yamefungwa kwa sababu ya baridi, na kila msichana ana blanketi moja. Juma lililofuata walimu waliingia madarasani na kukuta viti vitupu, na mimi nilikuwa nimeweka magodoro sakafuni kwa kukosa vitanda.

Mama yule alifanya kile ambacho kanuni zetu zilimlazimisha kufanya. Bima ya EduAfya, iliyoanzishwa 2018 kwa wanafunzi wa sekondari za umma, haipo tena. Tunapomdai mzazi barua ya daktari kwa homa ambayo kwa watoto wengi hupona yenyewe kwa kupumzika na kunywa maji, tunamdai pesa za kuthibitisha kwamba hakudanganya. Kwa wengi jibu ni vidonge viwili kituoni.

Ninajua walimu wakuu watakachosema, maana nimeketi nao. Watasema wanafunzi watatumia nafasi hiyo kurefusha likizo. Ndiyo, wapo watakaofanya hivyo. Lakini pimeni hasara mbili. Anayedanganya hupoteza masomo yake mwenyewe ya siku mbili tatu, na mwalimu wa darasa akipiga simu nyumbani mara moja tu, wengi wa hao watapatikana. Anayerudi na homa huwapotezea masomo wanafunzi wa bweni zima kwa juma moja au mawili, na muhula wa tatu wakati huo ndio wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Mwalimu mkuu anayejali alama ana sababu kubwa kuliko yangu ya kumwacha mtoto huyo nyumbani.

Na wanaoathirika si wanafunzi peke yao. Wasichana wangu wengi hupona. Wanaolala hospitalini na wanaokufa ni wale walio upande wa pili wa safari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka homa ya mafua husababisha vifo kati ya 290,000 na 650,000 vinavyotokana na matatizo ya kupumua. Wazee wako mbele, na watoto wachanga, wajawazito, wenye pumu, wenye selimundu na wenye virusi vya Ukimwi ambao hawajapata dawa ipasavyo. Mtoto wa chini ya miezi sita hawezi hata kupewa chanjo ya homa ya mafua; kinga yake ni ile aliyopata kwa mama na umbali wake na mtu anayekohoa. Tena ni Kilifi waliotuonyesha njia ugonjwa unayopitia. Watafiti walizifuatilia kaya za mashambani kwa miezi kadhaa wakichunguza RSV, virusi vingine vinavyoshambulia mapafu ya wachanga, wakakuta kwamba mchanga akiambukizwa nyumbani, mara nyingi aliyevileta ni mtoto mkubwa wa nyumba hiyo, na wengi wa hao walikuwa wanafunzi. Hivyo ndivyo vilivyo virusi vya RSV, na sioni sababu ya homa ya mafua kupita mlango mwingine.

Agosti na Desemba watoto wetu huenda mashambani kwa nyanya zao. Hulala kitanda kimoja naye, humbebea mtoto wa shangazi, hukaa jikoni kwenye moshi mlango umefungwa. Hakuna mtu anayetaka kuondoa hayo. Lakini shule zina namba za simu za wazazi wote, na zinapodai karo, ujumbe huwafikia mamia kwa dakika chache. Naomba juma la kufunga shule ujumbe huo huo uongezewe sentensi moja: shuleni kuna kikohozi kwa sasa, mtoto akipata homa asilale na mchanga wala na nyanya kwa juma la kwanza, na nyanya akianza kuhema kwa shida apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Kama hakuna kikohozi shuleni, sentensi hiyo isitumwe. Wazazi wakitumiwa onyo kila muhula bila sababu, wataacha kulisoma.

Kuna kishawishi kingine ambacho ningependa mkizuie mapema, nacho ni kufunga shule ghafla mlipuko ukishaonekana. Ninaielewa hofu ya mwalimu mkuu mwenye wasichana wengi wanaokohoa na wazazi wanaopiga simu usiku. Lakini kufikia siku hiyo virusi vimeshazunguka bweni zima, na kuwaachia wote ni kuvipeleka kila kaunti kwa mkupuo. Hong Kong ilifunga chekechea na shule za msingi Machi 2008 kwa hofu ya namna hiyo baada ya vifo vya watoto. Watafiti walipopitia takwimu baadaye hawakuona kwamba kufunga kulibadilisha jambo kubwa, kwa sababu wimbi lilikuwa limeshapita kilele. Wakati wa kuzuia ni siku chache za mwanzo. Ndiyo maana ninang'ang'ania lango.

Wala sitaki mtu asome barua hii akadhani ninatetea kufunga shule kwa miezi. Tulifunga Machi 2020 kwa ajili ya korona. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba 12, na wengine wote Januari 4, 2021. Niliwaona waliorudi, na ninawakumbuka wasiorudi: walioolewa, waliozaa, waliozoea kibarua. Shule ni chakula na usalama kwa wasichana wengi, na muuguzi yeyote wa shule atawaambia hivyo. Ninachokichukua kutoka kwa mwaka ule ni kitu kimoja cha manufaa: wizara iliweza kuwarudisha wanafunzi kwa makundi, na nchi ikaelewa. Basi iwezekane tena kwa kiasi kidogo. Madarasa mengine yaripoti Jumatatu, mengine Jumatano. Hapo mimi na mwalimu wa zamu tutaweza kumtazama kila mtoto usoni, kumpima joto, na kumtenga anayehitaji kutengwa kabla bweni halijajaa. Hata matatu zitapumua, na pengine nauli pia.

Yapo mambo ya ndani ya bweni ambayo hayahitaji sheria mpya. Mwongozo wa usalama shuleni wa mwaka 2008 unataka nafasi isiyopungua mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, na njia ya katikati isiyopungua mita 2. Uliandikwa kwa ajili ya moto, na kila baada ya moto wakaguzi huja na futi zao, kisha husahaulika. Mita hizo hizo ni umbali mzuri kati ya pua na pua. Ninaomba wakaguzi waje pia bila moto, na waje mwanzoni mwa muhula wakati vitanda vya ziada vinasukumwa ndani ili kupokea wanafunzi waliozidi. Kuhusu hewa, tumewafokea wasichana miaka mingi wafungue madirisha usiku, nao hufungua tukiwepo na kufunga tukiondoka, kwa sababu wanahisi baridi. Orodha ya vitu vya kuja navyo shuleni iseme blanketi mbili kwa shule za nyanda za juu, na mtoto asiyeweza kununua ya pili apewe kutoka kwenye mfuko wa shule. Msichana aliyejifunika vizuri hufungua dirisha bila kufokewa.

Kwenu Wizara ya Afya, ninaomba mkono upande wa hesabu. Kila muuguzi wa shule ana daftari kama langu, na madaftari hayo yanakaa kwenye droo. Kwa majuma mawili baada ya kila kufungua, tupeni namba ya simu ya afisa wa afya wa kaunti ndogo tumtumie jambo moja kila Ijumaa: ni wanafunzi wangapi waliokuja na homa pamoja na kikohozi. Mtaona wimbi likianza kabla halijafika wodi za watoto. Shule zisizo na muuguzi, nazo ni nyingi, mwalimu wa afya au matroni aweza kuhesabu.

Na kuna chanjo. Tangu mwaka 2016 jopo la wataalamu wanaoishauri serikali kuhusu chanjo lilipendekeza watoto wa miezi 6 hadi 23 wapewe chanjo ya homa ya mafua. Mzazi wa kawaida akimleta mtoto wa umri huo kliniki leo kwa chanjo zake za ratiba, hiyo hapewi. Japani iliwachanja wanafunzi wake kwa wingi tangu 1962, na watafiti waliopitia vifo vya miaka hiyo walikadiria kwamba kwa kila watoto 420 waliochanjwa, kifo kimoja kilizuiwa, vingi vikiwa vya wazee ambao wenyewe hawakuchanjwa. Uingereza hivi sasa huwapulizia wanafunzi chanjo puani, mpango ulioanza 2013. Najua bajeti yetu si ya Japani. Anzeni basi na walio hatarini ndani ya shule za bweni, wenye selimundu na pumu, pamoja na wauguzi, matroni na wapishi, na mtekeleze lile pendekezo la wachanga.

Lakini msisubiri chanjo ndipo mtoe waraka. Waraka hauna gharama, na unaweza kufika shuleni kabla ya muhula ujao kufunguliwa. Nimejaribu kuuandika, ili msiseme ni mgumu:

“Mwanafunzi mwenye homa pamoja na kikohozi au maumivu ya koo siku ya kuripoti, au siku ya kurudi kutoka mapumziko ya katikati ya muhula, abaki nyumbani hadi apitishe saa 24 bila homa na bila kutumia dawa ya kushusha joto. Mzazi ataiarifu shule kwa simu au ujumbe mfupi siku hiyo hiyo. Shule haitadai barua ya daktari kwa siku saba za kwanza, haitamwadhibu mwanafunzi, na mwalimu wa darasa atamhifadhia kazi za masomo aliyoyakosa. Mwanafunzi atakayekutwa na homa langoni baada ya safari ndefu hatarudishwa barabarani. Atapokelewa, atapewa barakoa na kulazwa katika chumba cha wagonjwa, na mzazi ataarifiwa kabla ya jioni.”

Mkipenda, yabadilisheni maneno. Hizo sentensi mbili za mwisho tu nawasihi msiziondoe, maana kuna watoto wanaofika kwetu saa kumi na mbili jioni kutoka Turkana na Kwale, na sitaki waraka wangu uwe sababu ya mtoto mgonjwa kulala kituo cha mabasi.

Wenu mwaminifu,

Muuguzi wa shule ya bweni, nyanda za juu za Kenya